Kabla ya kununua serveri, tununue batri na kaye

Kila mwaka, wakati masomo inafunguliwa, tunasikia tangazo ileile: institi fulani, lopitali fulani, biro fulani ya serkali "imeingia mu informatike". Wakubwa wanakata kamba, wanapiga foto mbele ya kabati nyeusi yenye taa za kijani, kila mutu anarudi kwake. Kiisha miaka mbili, ukipita pale na kuuliza, wanakujibu: "Ile mashini iliharibika, tulirudilia makaratasi." Na pointi za wanafunzi, madeni ya wagonjwa, orodha ya mishahara, vyote vilienda pamoja nayo.

Mie nafanya kazi ya serveri na rezo hapa Lubumbashi tangu miaka mingi, na niko na maoni moja yenye haifurahishi wauzaji. Serveri zetu haziuawi na uzee, wala na bulozi. Zinauawa na namna tunagawa feza. Ku dola kumi, tunaweka tisa mu mashini yenyewe, na moja inabakia kwa vitu vyote vyenye vinaifanya iishi: umeme, kopi, rezo, na mutu wa kuichunga. Naomba wenye kusaini bajeti wapindue ile hesabu. Na vijana wenye wanashika kazi hii, naomba wasiogope kusema hapana mbele ya mukubwa mwenye anataka kununua mashini ya bei kali na hataki kununua batri.

Tuanze na umeme, juu njo kwenye tunapoteza zaidi.

Vitabu vya Ulaya na Marekani vinaongea kukatika kwa umeme sawa vile ajali. Kwetu ni siku ya kazi ya kawaida. Umeme wa Inga unatembea zaidi ya kilometre 1 700 mpaka Kolwezi, unapita juu ya vichwa vya watu wenye hawana hata ampule moja, na bado hapa mu muji delestaji iko na saa zake. Bukavu na Goma wako na hadisi yao, Kinshasa nayo ya kwake. Kwa hiyo fundi wa hapa hawezi kujiuliza "umeme ukikatika nitafanya nini?" Anapashwa kujiuliza: "Leo utakatika mara ngapi, na kila mara serveri yangu italala namna gani?"

Tufanye hesabu ndogo, ya kalasi ya sita. Batri moja ya gari kubwa ao ya sola, ya volti 12 na ampere-saa 100, inabeba wati-saa 1 200. Kama ni ya risasi, usiitoshe zaidi ya nusu, ama itakufa upesi: inabakia 600. Serveri kubwa ya kabati, ile yenye makelele sawa ndege, inaweza kula wati 400. Basi ile batri inaishikilia saa moja na nusu ku karatasi, na kwa kweli kidogo chini ya pale, juu kifaa cha kugeuza umeme nacho kinakula yake. Sasa weka pale mashini mbili ndogo za kisasa, ruteri na antene ya intaneti, vyote pamoja wati 80. Batri ileile inakupeleka saa saba. Asubui nzima ya kazi! Na kwa lopitali yenye wagonjwa mia moja kwa siku, ao masomo yenye wanafunzi elfu moja, ile mashini mbili ndogo zinatosha kabisa. Serveri kubwa inapendeza ku foto, lakini inakula batri, inakula hewa ya baridi, na siku kipande yake inavunjika, unaingojea kutoka Johannesburg ao Dubai wiki tatu.

Kuko jambo ingine yenye wengi hawafikiri: umeme unaporudia. Kukatika hakuui sana. Kurudia njo kunaua. Volti inashuka mpaka 160, kiisha inarudi kwa kishindo inapita 250, na alimentasio ya serveri inatoa moshi. Weka regilateri ya volti mbele ya onduleri, si nyuma yake. Na ndani ya mipangilio ya mashini, ile yenye inafunguka mbele ya mufumo haujapanda, kuko mahali pa kuchagua kama serveri iwake yenyewe umeme ukirudia. Wengi wanaweka "ndiyo" juu wanaogopa kuamshwa usiku. Mie ninaweka "ndiyo" paka kama onduleri inaweza kungojea: umeme urudie, utulie dakika tano, batri ipate hata kidogo, njo serveri iwake. Bila vile, umeme unarudi, serveri inawaka, umeme unakatika tena mu dakika mbili, batri haina kitu, na disiki inakatwa katikati ya kuandika. Fanya vile mara tatu usiku moja na utaona.

Onduleri yenyewe isiwe paka sanduku ya kupiga kelele. Iko na kable ya USB nyuma yake, na watu wengi wanaiacha mu karto. Hii kable njo yenye inaambia serveri: "Umeme umekatika, niko na dakika kumi na mbili." Programu ya bure yenye inaitwa NUT inasikiliza onduleri karibu za kila aina na inafunga mashini kwa utaratibu. Usingojee batri ifike asilimia kumi. Batri ya zamani inadanganya: inasema asilimia 60, kiisha inakufa mara moja sawa muzee mwenye ameanguka ku njia. Amuru serveri ianze kujifunga kiisha dakika tano za giza, na mashini za ndani zifungwe mbele, mashini yenyewe mwisho. Batri za onduleri zinaishi miaka mitatu, mine, na joto inazikula haraka. Ziandikie tarehe kwa feltre siku unaziweka. Na feza ya kuzibadilisha iingie mu bajeti tangu mwaka wa kwanza, sawa vile mafuta ya jenereta.

Kwa habari ya jenereta: mafundi wengi wamenishitakia "onduleri inakataa jenereta". Jenereta iko inazunguka, taa zinawaka, lakini onduleri inabakia ku batri mpaka inazimika. Haiko kichawi. Jenereta ndogo haishikilie mwendo moja, umeme wake unapanda na kushuka, na onduleri inauona kuwa muchafu. Onduleri nyingi ziko na mahali pa kupunguza ule ukali wake. Kama haitoshi, inafaa onduleri ya aina yenye inatengeneza umeme wake yenyewe kila wakati. Bei ni kali, lakini njo pale feza ya serveri kubwa ilipashwa kwenda.

Nikuje sasa ku mashini pepe, ile mafundi wetu wanaita mashini virtiele. Kwa musomaji mwenye haijui: ni ordinateri nzima yenye inaishi ndani ya ingine sawa faili. Mashini moja ya kweli inaweza kubeba tano, sita: moja ya kontabilite, moja ya pointi, moja ya barua, kila moja mu chumba yake. Moja ikianguka, zingine zinaendelea. Na uzuri mukubwa kwetu sisi maskini ni huu: sawa vile ni faili, unaweza kuibeba. Serveri ikipasuka, mashini pepe inahamia ku ingine, hata kama si ya marke moja.

Kwa hiyo ninashauri mashini mbili za kawaida, hakuna moja ya kifahari. Ya kwanza inatumika. Ya pili inapokea kopi kila usiku na inangojea. Vijana wenye wamesoma sana wataniambia: "Lakini patron, tuziunganishe, zichungane zenyewe." Nawajibu: si kwa mbili. Ukiunganisha mashini mbili mu Proxmox, kwa mufano, na moja inakufa, ile yenye inabakia inajikuta peke yake mu kura, haina wingi, na inakataa kuwasha mashini zake pepe. Umenunua mbili ili moja ikikufa uendelee, na zote mbili zimesimama. Kama unataka kuunganisha, tafuta sauti ya tatu, hata ordinateri ndogo sawa Raspberry Pi yenye kazi yake ni kupiga kura tu. Kama hauna, ziache kila moja na maisha yake.

Nimetaja Proxmox. Sinalipwa na mutu kwa kuitaja. Ni mufumo wa bure, wa Wanamji wa Vienna kule Austria, na juu yake hauna haja ya kuiba leseni. Hii inanipeleka ku kitu yenye watu hawapendi kusikia. Biro nyingi zetu zinatembeza programu za bei kali zenye zilivunjwa kufuli, zile za USB ya soko. Kuko wenye walizoea VMware. Mwezi wa 11, 2023, kampuni Broadcom iliinunua, na mu mwezi wenye ulifuata waliacha kuuza leseni ya milele, sasa ni kulipa kila mwaka. Wengi wakakimbilia "krake". Ile krake, nani aliitengeneza, na juu ya upendo gani? Mutu mwenye anafungua mulango ya nyumba yako bure hataacha kuingia. Lopitali yenye inaweka majina ya wagonjwa wa ukimwi ndani ya mashini yenye krake, mie naona ni kosa kubwa kuliko kukosa ordinateri. Debian ni bure. Proxmox ni bure. Fundi ajifunze.

Onyo moja juu ya ile "picha ya mashini", yenye inakamata hali ya mashini pepe mu dakika moja ili uweze kuirudilia. Ni zuri mbele ya kubadilisha kitu. Lakini haiko kopi! Inaishi ku disiki ileile. Disiki ikikufa, picha inakufa nayo. Tena inakua. Kila kitu yenye inaandikwa kiisha picha inaongezeka, na mu wiki chache disiki inajaa mpaka juu, na mashini zote zinasimama pamoja saa ine ya asubui wakati kese iko na mustari mpaka inje. Piga picha, fanya kazi yako, hakikisha, kiisha siku mbili ifute.

Vilevile kwa zile disiki mbili zenye zinaandika pamoja, RAID. Inakuokoa na disiki moja kufa. Haikuokoe na karani mwenye anafuta, na virusi, na mwizi, na mvua yenye inapita ku tole ya dari.

Kopi, njo sasa. Mutu akiniuliza ni nini moja tu afanye kama hana feza ya yote, nitamwambia: kopi yenye umeshajaribu kuirudisha. Neno ya muhimu ni "kujaribu". Tarehe 31 mwezi wa 1, 2017, kampuni GitLab, yenye kazi yake yote ni kuchunga kazi ya mafundi wa programu mu dunia nzima, ilifuta data zake kwa bahati mbaya: fundi mumoja, usiku, akiwa na madirisha mbili wazi, aliandika amri mu serveri yenye haikuwa yenyewe. Walikuwa na njia tano za kopi. Hakuna yenye ilikuwa inatembea sawa inavyofaa. Kopi za kila siku zilikuwa zinashindwa kimyakimya, na barua za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na kopi moja yenye mutu alifanya kwa mukono yake karibu saa sita mbele, kwa sababu ingine kabisa. Na wao ni watu wenye umeme saa 24.

Kanuni yenye mafundi wanafuata, ile mupiga picha Peter Krogh alieneza, ni tatu-mbili-moja: kopi tatu, ku vitu vya aina mbili, na moja mbali. Kwetu, "mbali" inapashwa kuwa mbali kweli. Tarehe 10 mwezi wa 3, 2021, kule Strasbourg mu Ufaransa, jengo moja ya kampuni OVH iliungua. Kuko wateja wenye walikuwa wamelipa kopi, lakini kopi ililala palepale kwenye kituo kimoja. Ikaungua nayo. Na mbele ya kuwacheka, tukumbuke Goma: tarehe 17 mwezi wa 1, 2002, Nyiragongo ilipita katikati ya muji, tarehe 22 mwezi wa 5, 2021 ilitoka tena, na siku tano kiisha serkali iliamuru sehemu kubwa ya muji ihame. Mutu anabeba watoto na matela. Nani atabeba serveri? Disiki yenye iko mu tirwari ya biro ileile haikuwa kopi siku ile.

Namna mie naona inawezekana hata kwa masomo ya kawaida: usiku, mashini ya kwanza inatuma kopi ku ya pili, yenye iko mu jengo ingine kama kuko, hata nyumba ya mapadri ngambo ya kiwanja, kupitia antene. Kila Ijumaa, mutu anaunganisha disiki ya inje, anakopia, ANAITOSHA, na anaipeleka mahali pengine. Ziko disiki mbili zenye zinapokezana. Ninaandika "anaitosha" kwa herufi kubwa juu virusi vya kufunga faili na kuomba feza vinafunga kila disiki yenye inaonekana. Disiki yenye inabakia imeunganishwa ni disiki yenye itafungwa pia. Na ifungwe kwa neno ya siri, juu disiki mu mufuko ya mutu ku taksi-bisi ni siri ya watu wote. Kwa data yenyewe, usikopie tu faili ya mashini yenye iko inatembea. Uliza base ya data itoe kopi yake yenyewe kwanza, pg_dump ao mysqldump, kiisha uchukue ile. Hiyo unaweza kuirudisha hata ku mashini ya mukopo.

Na mara moja kwa mwezi, mu mashini ya pili, rudisha kopi, uiwashe bila rezo, ufungue programu, utafute mwanafunzi mumoja mwenye aliandikwa wiki yenye imepita. Umemupata? Andika tarehe. Haukumupata? Basi umejua leo, si siku ya proklamasio.

Najua kuko wenye watasema: "Mambo hii yote ya batri na disiki ni ya zamani. Tuweke yote ku wingu, ku serveri za inje, tumalize." Sikatai wingu. Barua, tovuti ya inje, kopi ya mbali, ndiyo, vinaweza kukaa kule. Lakini kese ya lopitali? Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, kiisha uchaguzi, serkali ilikata intaneti mu inchi nzima, na ikakaa karibu siku 20. Siku 20 bila kufungua fishi ya mugonjwa! Mu mwezi wa 8, 2023, kable WACS, ile yenye inaingia Muanda, na mwenzake SAT-3, vilikatika mu shimo ya bahari kwenye Muto Congo unatokea. Mwezi wa 3, 2024, kable ine zilikatika pamoja mbele ya Abidjan. Hapa Lubumbashi tuko na njia ya Zambia, lakini bei ya mega munaijua. Kwa hiyo kitu yenye watu wanatumia ndani ya nyumba, ikae ndani ya nyumba, na wingu ipokee kopi usiku wakati rezo iko tupu. Na wenye kuuza intaneti wapitishe mazungumuzo ya hapa kwa hapa mu vituo vya kubadilishana, KINIX kule Kinshasa, LUBIX hapa kwetu, GOMIX Goma, ili barua kutoka Kenya ya Lubumbashi kwenda Kampemba isipite Ulaya.

Juu ya rezo nitasema haraka. Wifi ya wageni na mashini ya kese visikae mu rezo moja. Swichi ya bei ya kawaida inaweza kuzigawanya. Weka mipaka ya mwendo kwa kila mutu, ama simu moja yenye inashusha filme itakula intaneti ya biro. Windows mia moja zisishushe kila moja upyaisho yake kutoka inje: weka mashini moja pepe yenye inashusha mara moja na kugawa.

Na mbele ya kugusa ruteri yenye iko mbali, jilinde na mukono yako mwenyewe. Ruteri za MikroTik, zenye zimejaa mu inchi yetu, ziko na hali ya usalama: unafinya Ctrl na X, unabadilisha, na kama ulijikata, kiisha wakati kidogo inarudilia yenye ilikuwa mbele. Ku Ubuntu, amri "netplan try" inangojea sekunde 120 uhakikishe, bila vile inarudisha. Ninajua fundi wa lopitali moja ya inje ya muji mwenye alifunga mulango ya rezo kwa sharia moja yenye ilikosa nukta, na ilimuomba siku mbili ya njia ya vumbi mu musimu wa mvua kwenda kufinya butoni moja.

Majina nayo. Tarehe 4 mwezi wa 10, 2021, Facebook ilipotea mu dunia karibu saa sita, juu njia zenye zinaelekeza ku serveri zake za majina zilitoka, na mafundi wenyewe vyombo vyao vya kazi vilikuwa vinategemea njia ileile. Ku kipimo chetu: usiweke serveri ya majina paka ndani ya mashini pepe moja, kiisha mashini yenye inaibeba nayo inaitegemea ili iwake. Kila mashini ya muhimu, namba yake iandikwe ku karatasi.

Saa pia. Inchi yetu iko na saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Nimekuta serveri hapa zenye zilipangwa na watu wa Kinshasa, na risiti za kwanza za kese za asubui zilikuwa zinaonyesha saa yenye mulango ulikuwa haujafunguliwa. Kontroleri alidhani ni wizi. Weka serveri zote ku saa ya dunia, UTC, na programu njo ionyeshe saa ya mahali. Na kama kiisha kila delestaji serveri inaamka ikidhani tuko 2010, usilete padri: ni ile pile ndogo ya mviringo, CR2032, ku soko inapatikana.

Ninafika ku kaye. Kaye ya kweli, ya karatasi, yenye kifuniko ya ngumu. Juu ya nini karatasi? Juu siku serveri imekufa, maandishi yenye iko ndani ya serveri hayatakusaidia. Ndani yake: kila mashini na namba yake, kable gani inaingia mu tundu gani, batri ziliwekwa siku gani, programu gani iko mu mashini pepe gani, kopi inaenda wapi, na kila mabadilisho: tarehe, nani, alifanya nini, namna ya kurudisha. Mistari mbili kwa siku inatosha. Vijana wanaona haya kuandika kwa biki wakati wanajua amri za Linux. Lakini ile kaye njo inafanya kazi yao ionekane. Shefu mwenye anasema "huyu mutoto anakaa tu mbele ya ekra", mupe kaye asome.

Na tuseme ukweli kwa wakubwa. Maneno ya siri ya institi nyingi mu muji hii inaishi ndani ya kichwa ya kijana mumoja mwenye hajalipwa tangu miezi ine. Siku anapata kazi ku kampuni ya mine, anaenda, na serveri inafungika. Kiisha wanamuita mwizi. Mie sisemi ana haki ya kushika data ya watu, hana. Lakini mwenye kulipa fundi wake kiisha mulinzi, kiisha mafuta ya Jeep, kiisha bilauri za sikukuu, asishangae. Mushahara wa fundi ni sehemu ya serveri, sawa batri. Na wafundishwe wawili, si mumoja, hata kama wa pili ni karani ao mwalimu wa hesabu mwenye anajua tu kufunga mashini kwa utaratibu na kubadilisha disiki ya Ijumaa.

Kwa kila kitu mu inchi yetu tunafanya remize na reprize: ofisi, gari, viti, hata vikombe vya chai. Ifanyike pia kwa serveri. Mutu anatoka, anaingia ingine, wanaketi siku moja pamoja, wanapita kaye ukurasa kwa ukurasa, maneno ya siri yanabadilishwa palepale, wote wawili wanatia saini na mukubwa anatia yake. Kopi ya maneno ya siri inaingia mu anvelope yenye imefungwa, mu sanduku ya ekonome. Na ile anvelope ifunguliwe mara moja kwa mwaka mbele ya fundi na ekonome, mashini ikiwa inawaka, wajaribu neno moja kwa moja, juu nyingi zenye nimeona zilikuwa zinachunga maneno ya siri ya serveri yenye ilikwisha kutupwa zamani.